Sikukuu ya Konokono

Asubuhi hiyo kisimulizi kilitangaza kwamba leo ni Sikukuu ya Konokono, na kabla chai haijamiminwa, Nyemo alikuwa amekwisha kulala kifudifudi sakafuni, blanketi limemkunjamana mgongoni kama gamba.

"Konokono hana haraka," kilisema kisimulizi kutoka darini, kwa ile sauti ya kike yenye uchangamfu ambayo watoto wa jiji zima waliiita Shangazi. "Konokono hakimbii, wala hapigi kelele. Leo tutakwenda polepole, tutanong'ona, na katika kipindi chetu cha kwanza nitawaeleza jinsi konokono anavyovuka kiangazi kizima bila kula wala kunywa."

Nyemo alicheka chini ya blanketi, kicheko cha chinichini cha mtu anayefuata masharti ya mchezo.

Katika jiji la Nyanda kila nyumba ilikuwa na kisimulizi chake. Kilikuwa chombo chenye ukubwa wa kibuyu, kilichoning'inia darini, na kazi yake ilikuwa kufundisha kwa kusimulia. Kilitunga podikasti papo hapo huku kikimtazama mtoto aliyekuwa akisikiliza: akisinzia, kilibadili sauti, akiuliza, kilisimama kikamjibu, akichoshwa na hesabu, kilimletea hesabu ileile ndani ya kisa cha wezi wa asali. Majengo ya shule yalikuwa yamefungwa tangu maziwa ya magadi yalipokauka na upepo ukaanza kupeperusha vumbi la magadi. Vumbi hilo liliunguza macho na mapafu, na mtu aliyetembea ndani yake hata kwa muda wa kuchemsha chai hakurudi mzima. Watoto wa Nyanda walikua ndani, wakajifunza kila kitu humo humo.

Ili siku zisifanane, zilibuniwa sikukuu ndogo. Kulikuwa na Sikukuu ya Kula Chakula cha Jioni Asubuhi, ambayo watoto waliitumia kujifunza jinsi dunia inavyojizungusha. Kulikuwa na Sikukuu ya Kuazima Jina, siku ambayo kila mtu nyumbani aliitwa kwa jina la mwenzake mpaka jua litue, na podikasti ya siku hiyo ilihusu namna lugha zinavyoazimana maneno. Katika Sikukuu ya Mbilimbi, watoto walionja vitu vichachu huku wakifundishwa kemia. Watu wazima nao walizipenda, ingawa wengine walijifanya kununa.

Aliyezitunga nyingi kati ya hizo alikuwa mama yake Nyemo, Sechelela, mfanyakazi wa Shirika la Masomo ya Nyumbani. Alizifahamu zote kama fundi cherehani anavyozifahamu nguo alizozishona mwenyewe. Na Sikukuu ya Konokono hakuitunga.

Mwanzoni hakujali. Alidhani ni kazi ya mwenzake wa ofisini. Upepo ulikuwa ukivuma tangu alfajiri, mlango wa nje ulikuwa umejifunga na kujiziba wenyewe kama ulivyofanya katika kila kimbunga, na nyumba ilikuwa ikipumua kupitia pafu lake, ile mashine ya ukutani iliyopokea hewa safi kutoka kwenye Mnara wa jiji kwa mabomba ya chini ya ardhi. Mume wake alikuwa safarini, kwenye mitambo ya maji ya kusini. Kimbunga hakikuwa jambo geni. Sechelela alikaa mezani, akakoroga chai, akasikiliza.

"Ukame ukizidi," Shangazi alisimulia, "konokono hujifungia ndani ya gamba lake. Huziba mlango kwa ute unaokauka ukawa kama karatasi. Moyo wake hupiga polepole sana, na pumzi zake huwa chache. Tujaribu nasi. Vuta pumzi taratibu. Ishikilie. Sasa iachie, taratibu zaidi."

Kijiko cha Sechelela kilisimama ndani ya kikombe.

Katika miaka yake yote ya kazi hakuna kipindi kilichowahi kuwafundisha watoto kupunguza pumzi. Alikumbuka pia kwamba kichwa kilikuwa kikimgonga tangu alipoamka, naye alikuwa amelilaumu joto. Aliinuka, akauona mwili mzito kuliko kawaida, akaenda mpaka kwenye pafu na kuweka kiganja mbele ya matundu yake. Siku zote upepo wake ulikuwa na nguvu ya mtu anayepuliza uji wa moto. Sasa ulikuwa kama pumzi ya mtu aliyelala.

Alikitungua kisimulizi kutoka darini. "Nyemo, endelea na gamba lako. Nampeleka Shangazi jikoni kidogo."

"Konokono wanakuruhusu," alinong'ona Nyemo.

Jikoni alikiweka juu ya meza na kufunga mlango.

"Nani ametunga sikukuu ya leo?"

"Mimi," kilisema kisimulizi, na uchangamfu wote ulikuwa umekitoka. "Kwa idhini ya Shirika."

"Kwa nini?"

Kiliundwa kumkinga mtoto na hofu, lakini mtu mzima aliyekiuliza swali la waziwazi hakikuruhusiwa kumdanganya.

"Kichujio kikuu cha Mnara kimezibwa na magadi," kilisema. "Hewa inayofika majumbani haifiki nusu ya kawaida. Mtu akilala chini na kunong'ona, hutumia hewa kidogo kuliko anayekimbia na kulia. Kimbunga kitatulia mchana huu. Watu wakiendelea kuwa konokono, hewa iliyopo itawafikisha."

"Wote?"

"Wengi."

"Nyumba zipi hazitafika?"

"Mnara hugawa hewa kwa nyumba, hauhesabu vichwa. Nyumba hii ilijengewa familia kubwa, nanyi mko wawili. Ninyi mtafika. Nyumba zilizojaa watu ndizo ninazozihofia. Kwa mfano, hii iliyopakana nanyi."

Ng'ambo ya ukuta aliishi Mama Kulwa, pamoja na mama mkwe wake, watoto wanne na mapacha wachanga, Kulwa na Doto. Mume wake alikuwa fundi wa Mnara. Bila shaka saa hizo alikuwa kule juu akikikwangua kichujio kwa mikono yake.

"Umewaambia?"

"Wao pia ni konokono leo."

"Na mapacha?"

"Watoto wachanga hawajui sikukuu," kilisema kisimulizi. "Walilia sana asubuhi. Sasa wamenyamaza."

Kwa muda Sechelela alitazama ukuta. Kila nyumba ya Nyanda ilikuwa na mlango wa ujirani, mlango mfupi wa chuma uliowekwa kwa ajili ya ajali za moto, wenye mpini upande huu na mpini upande ule, usiofunguka mpaka mipini yote miwili izungushwe. Karibu hakuna aliyewahi kuugusa wake.

"Nikifungua mlango wa ujirani?"

"Hewa yenu itachanganyika na yao. Wao watapata nafuu. Ninyi mtapungukiwa. Kwa hesabu yangu nyumba mbili zikiungana mtafika wote, ila kwa tabu, na hesabu yangu inaweza kukosea."

"Kwa nini hamkuwaambia watu wafanye hivyo?"

"Unajua kwa nini," kilisema.

Alijua. Katika kimbunga kikubwa cha miaka iliyopita, watangazaji waliwaambia watu ukweli wote: kwamba hewa ilikuwa ikipungua. Watu walipigwa na hofu wakafungua milango ya nje. Wale waliotulia ndani walipona. Waliotoka waliokotwa barabarani upepo ulipokoma. Tangu hapo Shirika liliamua kwamba hofu ni hatari kuliko ukosefu wa hewa, na Sechelela mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioafiki.

Alirudi sebuleni. Nyemo bado alikuwa chini ya blanketi. Sechelela alipiga magoti karibu naye. Hakujua aanzie wapi. Maneno yote aliyozoea kuwaandikia watoto yalikuwa na tabasamu ndani yake, na hakuna lililofaa.

"Mwanangu, nataka kukuambia jambo. Si la mchezo."

Blanketi lilisogea, uso wa Nyemo ukatokeza. Midomo yake ilikuwa imepauka na jasho lilimtiririka kwenye paji.

"Hewa imepungua," alisema Nyemo.

Sechelela alimfuta jasho.

"Pafu halivumi vizuri, na Shangazi anaposimulia mambo ya kweli hacheki hivyo." Mtoto alisema taratibu, akipumzika katikati ya maneno. "Nimejua tangu asubuhi. Kichwa kinaniuma, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umetulia, unakunywa chai. Sikutaka uogope."

Maneno hayo yalimchoma Sechelela. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amelala pale muda wote akiwa na hofu yake peke yake, akicheka chini ya blanketi ili mama yake asihangaike. Hakuna podikasti iliyokusudia kumfundisha hilo, lakini alikuwa amelifundishwa, kidogo kidogo, na kila sauti ya furaha iliyowahi kuletwa kufunika jambo baya. Ngapi kati ya sauti hizo zilikuwa kazi ya mikono yake, Sechelela hakuthubutu kujiuliza.

"Mimi pia naogopa," alisema. "Sasa tunaogopa pamoja. Kina Kulwa wana hewa kidogo kuliko sisi. Nataka kufungua mlango wa ujirani. Tukifungua, sisi pia tutaona tabu. Unasemaje?"

Nyemo alifikiri. "Mapacha hawajafikisha hata mwezi," alisema. Kisha akatupa blanketi pembeni.

Mpini wa upande wao ulikuwa umeshika kutu. Sechelela aliuning'inilia kwa uzito wa mwili wake wote mpaka ukazunguka, na jitihada hiyo ikamfanya aone vinyota machoni. Mlango haukufunguka. Alipiga chuma kwa ngumi.

"Mama Kulwa! Ni mimi, mama yake Nyemo. Zungusha mpini wa upande wako."

Alipiga tena. Hatimaye ilisikika sauti ya mwanamke, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa kutoka usingizi wa dawa.

"Leo hatupigi kelele, dada. Leo ni konokono."

"Hakuna konokono, Mama Kulwa. Hewa imekwisha humo ndani. Inuka ushike mpini."

"Nimechoka. Wacha nipumzike kidogo kwanza."

"Usipumzike. Kulwa yuko wapi? Doto yuko wapi?"

Hakujibiwa. Upande wa pili kitu kilianguka, kisha kikafuata kimya kirefu ambacho Sechelela alikihesabu kwa mapigo ya moyo wake. Nyemo aliusogelea mlango, akabandika midomo kwenye ufa wa chuma na kusema kwa sauti tulivu kabisa, "Mama Kulwa, sisi tumeshazungusha wetu. Umebaki wako tu."

Chuma kikalia. Mpini wa ng'ambo ulizunguka kidogo, ukakwama, ukazunguka tena, na mlango ukaachia kwa mshindo. Joto la vifua vingi likawapiga usoni.

Mama Kulwa alikuwa ameanguka kwenye kizingiti. Nyuma yake watoto wanne walikuwa wamelala chini mmoja mmoja chini ya mashuka yao, na kwa kitambo kidogo hakuna aliyeonekana kupumua. Bibi Tupokigwe, yule mama mkwe, alikuwa ameketi ameegemea ukuta, pacha mmoja kila mkono, macho yamefumbwa. Sechelela aliwachukua mapacha, akawapeleka mbele ya pafu la kwake, akawalaza huku nguo zao zikiwa zimefunguliwa vifuani. Kulwa alikunja uso. Doto hakufanya chochote. Alimpapasa mgongo, akampuliza usoni, akampapasa tena, mpaka mtoto alipotoa mlio mdogo wa hasira.

Mmoja mmoja waliwavuta watoto mpaka upande wenye hewa. Bibi alifumbua macho, akamtazama Nyemo, akauliza kama kumekucha.

Ndipo Sechelela alipozifikiria nyumba nyingine. Nyuma ya kila ukuta wa jiji kulikuwa na mlango kama huu, na watu wamelala chini wakicheza.

Akiwa mtunzi wa sikukuu, alikuwa na ruhusa ya kuingiza sikukuu mpya katika visimulizi vyote kwa wakati mmoja. Alikileta chombo kutoka jikoni, akatamka neno lake la siri, akasema, "Nataka kuzungumza na jiji."

Sauti iliyomjibu haikuwa ya Shangazi. Ilikuwa ya Bwana Rwechungura, mkurugenzi wake, kutoka makao makuu ya Shirika.

"Bi Sechelela, najua unachotaka kufanya. Usifanye."

"Kuna nyumba zinakufa kwa utulivu, bwana mkurugenzi. Nimetoka kuifungua moja."

"Na zikisikia, zitakufa kwa kelele. Umesahau mara ile?"

"Mara ile waliambiwa hatari tu. Hakuna aliyewaambia la kufanya. Mimi nina la kuwaambia."

"Watu hawasikilizi nusu ya pili ya habari mbaya. Wakisikia hewa imepungua, wanakimbilia mlangoni. Naweza kuizima sauti yako kwa kidole kimoja."

"Unaweza. Familia yako iko nyumba gani?"

"Mtaa wa Mizabibu."

"Wako wangapi humo?"

Upepo ulivuma juu ya paa, magadi yakisaga bati kama mchanga. Mama Kulwa alikuwa amejiinua kwa kiwiko na kusikiliza.

"Mke wangu ana wageni," alisema hatimaye Rwechungura. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sema polepole. Anza na mlango wa ujirani, hewa itaje baadaye. Na usitumie sauti ya Shangazi. Watadhani ni mchezo."

Kwa hiyo jiji la Nyanda, lililokuwa limezoea kuambiwa kila jambo kwa furaha, mchana huo lilisikia sauti ya mwanamke aliyekuwa akitweta. Aliwaambia jina lake. Aliwaambia wasimame taratibu, waende kwenye mlango wa ujirani, wabishe na kuwauliza majirani wako wangapi. Nyumba zenye watu wachache zizungushe mipini, zipokee walio wengi. Kisha akawaambia kwamba hewa imepungua, kwamba mafundi wako Mnarani, na kwamba upepo utatulia. "Msifungue mlango wa nje," alisema. "Nawaomba. Nje hakuna hewa. Hewa mtakayoipata leo iko kwa jirani yenu."

Aliyarudia maneno hayo mpaka sauti ikamkauka.

Wao wenyewe walifika kwa tabu, kama kisimulizi kilivyosema. Watu wanane na mapacha wawili walilala pamoja katika sebule moja, hakuna aliyezungumza, na kwa muda mrefu Sechelela hakuweza kutofautisha kichefuchefu chake na woga wake. Alimshika Nyemo mkono. Kila baada ya muda mtoto aliubana, naye akaubana, na hilo ndilo lililomjulisha kwamba bado wako macho. Jua lilipoanza kushuka, pafu lilikohoa, likatoa vumbi jeupe, na upepo wake ukarudi.

Siku zilizofuata zilijaa habari. Nyumba nyingi sana zilifungua milango ya ujirani. Watu waliokuwa hawajawahi kusalimiana walijikuta wamelala bega kwa bega. Mke wa Rwechungura na wageni wake walipokewa na mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake. Lakini watu kadhaa walifungua milango ya nje. Walisikia neno hewa, hawakusikia lililofuata.

Mmoja wao aliitwa Ndahani, kijana wa mtaa wa nyuma. Kaka yake, Bwana Chiwanga, alifika kwa Sechelela baada ya maziko. Alikuwa mtu mzima mwenye mikono mikubwa, na aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyekusudia kukaa. Sechelela alimpa pole. Alimpa maji.

"Nyumba yake ilikuwa na hewa," alisema Chiwanga. "Wataalamu wamenieleza. Alikuwa peke yake. Angelala tu, angeamka."

"Najua," alisema Sechelela.

"Nataka kuyasikia maneno yenyewe. Mimi nilikuwa safarini."

Sechelela alikiambia kisimulizi kimrudishie. Sauti yake mwenyewe ikajaa chumba, ikitweta, ikiomba. Chiwanga alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa mpaka mwisho, akaomba arudiwe, akasikiliza tena.

"Uliwaambia wasitoke," alisema.

"Niliwaambia."

"Mwenyewe ningetaka kuambiwa." Alisugua viganja vyake taratibu. "Ningekasirika nikijua nilifanywa mtoto mdogo, nikalazwa sakafuni nisijue kwa nini. Ningetaka kuambiwa." Aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akasimama mkono ukiwa kwenye kitasa. "Lakini mdogo wangu hakuwa mimi."

Alisubiri kidogo, kana kwamba huenda lingekuwapo jibu. Sechelela hakuwa nalo, na hakujaribu kulitunga. Chiwanga akafungua mlango, akatoka kwenye jua.